Jiji Limevuka Mpaka: Mkazi wa Dar es Salaam Ahamie Wapi?

Sensa ya mwaka 2022 ilitoa takwimu moja ambayo haikupewa uzito ulioistahili. Kati ya mwaka 2002 na 2012 wakazi wa Dar es Salaam waliongezeka kwa asilimia 5.6 kila mwaka. Katika miaka 10 iliyofuata kasi hiyo ilishuka hadi asilimia 2.1, chini ya wastani wa taifa wa asilimia 3.2. Anayesoma mstari huo peke yake anaweza kuamini kwamba jiji limeshiba, au kwamba serikali kuhamia Dodoma kumelipunguzia mzigo. Asome na mstari wa mkoa wa jirani. Pwani ilikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Mwaka 2022 ikahesabiwa watu 2,024,947. Dar es Salaam yenyewe ilitoka watu 4,364,541 ikafika 5,383,728. Yaani jiji zima liliongeza watu milioni 1 na ushee, na mkoa uliokuwa na robo tu ya watu wake ukaongeza karibu 930,000. Ni kweli kwamba si wote hao waliotoka Dar. Wapo waliozaliwa huko huko, wapo waliofuata viwanda vya Kibaha na Mkuranga, na ongezeko la Rufiji au Mafia lina sababu zake. Hata hivyo, yeyote aliyepita Vikindu, Mapinga, Kiluvya au Mlandizi katika miaka hiyo anajua mitaa mipya iliota wapi. Jiji halikuacha kukua. Lilivuka mpaka wa mkoa, na takwimu zikabaki upande wa pili.

Swali la wapi pa kuhamia kwa kawaida huulizwa na mnunuzi. Dalali anatajiwa kiasi kilichopo, naye anataja Chamazi, Chanika, Goba, Mapinga au Kigamboni ya ndani kulingana na uzito wa mfuko. Ni swali halali, ila sehemu kubwa ya jibu lake imekwishaamuliwa na watu wengine. Anayehama hapewi ramani nzima achague. Anachagua katika yale yaliyoachwa na waliomtangulia, na kila aliyemtangulia alikuwa naye akisukumwa na mwenye fedha zaidi. Ninavyoona, Dar es Salaam na viunga vyake havina upungufu wa ardhi, wala havitakuwa nao karibuni. Kilicho haba ni mtaa uliopangwa kabla watu hawajafika, na usafiri wa kumfikisha mtu kazini bila kipato chake kuishia njiani. Viwili hivyo vilipotangulia, kuhama kulimpandisha mtu. Vilipochelewa, kuhama kulifanana na kufukuzwa, hata kama mhusika alilipia kiwanja kwa hiari yake. Na katika mipango yote iliyowahi kufanywa kuhusu wapi watu waende, mpangaji wa nyumba hajawahi kuwa mlengwa.

Mji huu umehamisha watu wake tangu ukiwa mdogo. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na wao pamoja na Waingereza waliowarithi waliugawa kwa kanuni za ujenzi ambazo kila mtu alielewa kuwa ni kanuni za rangi: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini kuanzia Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenganisha Uhindini na Uswahilini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zikaja nyumba za Waafrika za Ilala, Magomeni na Temeke. Uhuru uliiondoa rangi kwenye sheria. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi usio na kikomo ulifutwa, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kilichobaki ni umbo. Mji uliendelea kutambaa kufuata barabara kuu nne, yaani Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, kama vidole vya mkono uliofunguka. Vidole vilijaa kwanza, na baadaye watu wakaanza kujaza nafasi kati yake. Goba, Kinyerezi na Malamba Mawili ni nafasi hizo. Watu walifika huko kabla ya barabara za kuunganisha kidole kimoja na kingine, na ndiyo maana mpaka leo mtu wa pembeni akitaka kwenda pembeni kwingine mara nyingi hulazimika kuingia ndani kwanza, kisha atoke tena.

Anayetaka kuona mnyororo wenyewe aanzie Kariakoo. Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, ilikuwa makazi ya mwenye nyumba na wapangaji kadhaa kwa pamoja. Mzee anapofariki, warithi wanakaa kikao cha mirathi, na mara nyingi tayari mwekezaji anasubiri nje. Kiwanja kile kikiuzwa au kikiingizwa kwenye ubia, pale panasimama ghorofa lenye fremu za biashara chini na stoo juu, na kila mrithi anapata fungu linalomtosha kujenga Mbagala, Tabata au Kigamboni. Kwa warithi, hii si hasara hata kidogo. Ila waliokuwa wakilala katika vyumba vile vingine hawamo kwenye mirathi, na kikao hakiwahusu. Wanapewa notisi. Mchezo huo huo, kwa sura nyingine, umepita Sinza na Mwenge, ambako nyumba za familia zimegeuka baa, hosteli, maduka na ofisi, na wenyewe wakasogea Mbezi au Goba. Huko Goba walikowasili walimkuta mtu mwenye shamba la mihogo na mikorosho. Aliuza ekari, akanunua nyingine Kisarawe au Mkuranga, na miaka michache baadaye dalali akamfuata tena kule kule. Mzaramo, mwenyeji wa pembezoni, amekuwa akihamishwa na mji kwa zaidi ya karne bila kuonekana popote kama mtu aliyehamishwa, kwa kuwa kila mara kuna karatasi ya mauziano yenye saini yake.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba kuhama hapa hakufanyiki kwa siku moja. Mfanyakazi wa kipato cha kati ananunua kiwanja, anakaa miaka miwili, anafyatua tofali kidogo kidogo, anaweka msingi, anasimamisha boma, anasubiri tena apate za kupaua. Anahamia nyumba ikiwa haina plasta wala dari, umeme wa kuunganisha au hakuna kabisa, maji ya kununua kwa boza. Anachokimbia ni kodi. Mwenye nyumba wa mjini anadai ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na udhibiti wa kodi uliokuwa ukimpa mpangaji kinga kidogo ulikwishafutwa. Kwa hiyo uamuzi wa mahali pa kuishi unafanywa miaka 5 au 10 kabla ya kuhamia, na mnunuzi anaweka dau kwamba ifikapo siku hiyo barabara, maji na shule vitakuwa vimemkuta. Wakati mwingine dau linalipa. Kimara ilikuwa mbali, sasa ni mjini. Mbezi Luis ilipata uhai mpya kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilipohamishiwa huko kutoka Ubungo mwaka 2021. Wapo pia waliosubiri hata wakazeeka.

Je, kupanga mapema kunaleta tofauti ya kweli, au ni imani ya maofisa wa ardhi? Tuna ushahidi mzuri kuliko miji mingi ya Afrika. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Tanzania iliendesha mradi wa viwanja na huduma. Sehemu kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa zikiwa karibu tupu: viwanja vyenye ukubwa unaoeleweka, barabara, mabomba ya maji. Sehemu nyingine zilizokwishajaa watu, Manzese ikiwemo, ziliboreshwa pale pale zilipo. Zaidi ya miaka 30 baadaye timu ya wachumi wakiongozwa na Guy Michaels wa London ilirudi kupima matokeo katika miji saba ya Tanzania, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2021. Walikuta kwamba mitaa iliyopimwa kabla ya watu ina nyumba kubwa na bora zaidi, mpangilio unaopitika na huduma zaidi, na kwamba ubora huo ulijengwa kwa fedha za wakazi wenyewe. Mitaa iliyoboreshwa baada ya kujaa haikuonyesha faida ya maana ikilinganishwa na ile iliyojiotea. Ukitoka Sinza ukaingia Manzese, huhitaji majedwali kuliona hilo. Tofauti kubwa haikuletwa na zege la serikali. Ililetwa na mistari iliyochorwa ardhini wakati ambapo kuichora kulikuwa rahisi.

Lakini utafiti huo una upande wa pili, na watetezi wa upimaji huupita haraka. Wanaoishi Sinza leo wana elimu na kipato zaidi kuliko wale ambao viwanja vile vilikusudiwa kwao. Mradi ulilenga watu wa kipato cha chini. Soko likawabadilisha wakazi. Jambo hilo lilijirudia kwa uwazi zaidi katika Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, uliopima Mbweni, Bunju, Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Kijichi, Buyuni, Mwanagati na kwingineko. Kwa kipimo cha idadi mradi ulivuka lengo. Hata hivyo viwanja vililipiwa kwa fedha taslimu ndani ya muda mfupi, kwa bei iliyohitaji mtu awe na akiba au mshahara wa uhakika, na vingi vikakaa miaka na miaka vikiwa vichaka vyenye mabango ya majina, huku mabomba na lami vikichelewa. Wasomi wa Chuo Kikuu Ardhi, Lusugga Kironde akiwa mmojawapo, waliuchambua mradi huo kwa kina na kuonyesha wenyeji waliolipwa fidia kidogo kando ya wanunuzi waliofaidi kupanda kwa bei. Kwa maoni yangu kosa halikuwa kupima. Lilikuwa kupima viwanja vya aina moja, vikubwa, kwa watu wa aina moja, kisha kuita kazi hiyo suluhisho la makazi ya jiji ambalo kaya zake nyingi zinaishi kwenye nyumba za kupanga.

Wasioingia kwenye viwanja hivyo, na inakadiriwa wanazidi asilimia 70 ya wakazi wa jiji, waliingia kwa mlango wa serikali ya mtaa. Mlango huu si wa vurugu kama unavyoelezwa. Una mjumbe, una mashahidi, una karatasi ya mauziano yenye muhuri, una asilimia ya ofisi, na migogoro mingi humalizwa hapo hapo. Unachokosa ni mtu wa kusema hapa pasijengwe. Muuzaji anapokata shamba lake vipande vya hatua 20 kwa 20, hana sababu ya kuacha njia pana, kwa maana kila mita ya njia ni mita asiyoiuza. Anaacha ya mguu, labda ya bajaji. Baada ya miaka 10 gari la zimamoto halipiti, la kunyonya maji taka halifiki, na maji ya mvua yanatafuta njia kwenye vyumba vya watu. Serikali imejibu kwa urasimishaji: tangu miaka ya 2000 kulikuwa na leseni za makazi, kisha zoezi la wakazi kuchangishana ili kampuni za upimaji ziwapimie na kuwaombea hati. Hati ni jambo jema. Inampa mtu utulivu na dhamana ya benki. Haimpi barabara iliyokwishajengewa ukuta, na matokeo ya Manzese yanatosha kutuonya kwamba tunakinunua kwa bei kubwa kitu ambacho mapema kingepatikana kwa bei ya bikoni za kuweka mipaka ya viwanja.

Kuna pia wale ambao hawakuuliza waende wapi kwa kuwa waliambiwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na mwanzoni mwa 2012 familia za Bonde la Msimbazi zikapelekwa Mabwepande, kaskazini kabisa mwa Kinondoni, zikapewa viwanja na mahema. Baadhi waliuza viwanja wakarudi bondeni, na mwishoni mwa 2015 tingatinga likawafuata huko. Ilikuwa rahisi kuwaita wakaidi. Lakini anayebangaiza Kariakoo kwa kibarua cha siku, anayetoka saa kumi usiku na kurudi na mboga ya jioni, hawezi kubeba nauli ya kutoka Mabwepande kila siku. Bonde lenye mafuriko mara moja kwa mwaka linamgharimu kidogo kuliko mlima wenye nauli ya kila siku. Wakazi wa Kipawa waliopisha uwanja wa ndege walielekezwa upande wa Pugu baada ya kusubiri malipo kwa miaka mingi. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Kimara hadi Kiluvya, ambako hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kutoka katikati ilisimamiwa kwa kubomoa, na wengi hawakulipwa kwa hoja kwamba walikuwa ndani ya hifadhi. Na Kigamboni, Mji Mpya uliotangazwa mwaka 2008 uliwazuia watu kuendeleza maeneo yao kwa miaka, kisha mradi ukayeyuka. Waliozuiwa hawakuhamishwa, hawakulipwa, hawakujenga. Katika orodha hii ndefu, mfano unaotofautiana ni Magomeni Kota: kaya 644 zilizoondolewa zilirudishwa pale pale, kwenye maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022. Zilisubiri karibu muongo mzima, na ilihitaji amri ya Rais. Lakini zilirudi kwenye kazi zile zile, shule zile zile, na kituo cha mabasi ya mwendokasi mbele ya mlango.

Sheria ya fidia inahesabu ardhi, jengo, mazao, na posho za usumbufu, usafiri na makazi. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ilipiga hatua nzuri kwa kuweka ukomo wa muda wa uthamini, ili mtu asilipwe leo kwa bei ya zama zilizopita. Hakuna mahali inapohesabu umbali. Posho ya usafiri ni ya kubeba makochi na vitanda siku ya kuhama. Safari za miaka 20 zinazofuata ni zake mwenyewe. Nyumba ya familia iliyothaminiwa kihalali Jangwani inaweza kumnunulia mtu nyumba nzuri zaidi Chanika na bado ikamwacha maskini zaidi. Sioni sababu kwa nini mthamini anayeweza kuhesabu thamani ya mkorosho usiozaa bado ashindwe kuhesabu tofauti ya nauli. Na mpangaji, ambaye hana jengo wala mkorosho, anaondoka na kile alichobeba kichwani.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi linalorudiwa zaidi: umbali unakufa. Mwendokasi ulioanza mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni ulikata saa nzima za foleni, na njia za Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta zilipangwa kufuata mkondo huo. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka huo huo na Kigamboni ikaacha kutegemea pantoni peke yake. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina vituo Pugu, Soga na Ruvu, na watu wenye mahesabu ya haraka wamekwishaanza kuulizia viwanja Soga. Pingamizi hili lina nguvu na silikatai. Nakataa mpangilio wake tu. Usafiri wa haraka ukifika kabla ya mipango, bei ya ardhi inapanda kuzunguka kituo, mwenye kipato cha chini anauza au anahamishwa na kodi, na faida ya kituo inaliwa na asiyekihitaji sana. Hayo ndiyo yanayoonekana kando ya Barabara ya Morogoro: fremu kwa fremu, kituo kwa kituo, huku wanaopanda mabasi wakizidi kutoka ndani, kwa bodaboda au daladala ya kuunganisha, na kuunganisha ndiko kunakokula fedha. Kama ardhi ya kuzunguka vituo vya Soga na Ruvu itaachwa kwa madalali, treni itakuwa imelipiwa na taifa zima ili kuwatajirisha walioulizia mapema.

Wengine watasema ninawasemea watu wasiolalamika. Mtanzania anataka kiwanja chake, ukuta wake, mwembe wake na kaburi la mzee wake karibu. Ghorofa ni mambo ya wageni. Na kuenea huku kumewapa mamia ya maelfu ya watu wa kawaida utajiri ambao mshahara usingewapa. Hili la mwisho ni kweli tupu. Nyumba ya Mbagala au Kimara ndiyo pensheni, ndiyo ada, ndiyo mtaji wa duka. Sera yoyote inayodharau hilo haitafika mbali. Lakini nyumba hiyo inakuwa pensheni kwa sababu ina vyumba vya kupangisha. Mwenye nyumba na mpangaji ni uchumi mmoja, ila sera imemwona mmoja. Serikali ikimhesabu mwenye chumba cha kupangisha kama mjenzi wa makazi ya umma, ikampa mkopo nafuu wa kuongeza vyumba, choo bora na ghorofa moja juu ya nyumba ya zamani, itakuwa imejenga Manzese, Tandale, Mwananyamala na Buguruni nyumba nyingi kuliko shirika lolote. Kuhusu ghorofa kuwa mambo ya wageni, waliorudi Magomeni Kota hawakuwa wageni, na kwa miongo mingi Waswahili wameishi familia tano au sita chini ya paa moja, wakigawana uani, choo na koki. Wanachokikataa watu ni ghorofa la bei ya Masaki au ghorofa lisilo na maji juu. Hapo wana haki.

Dodoma nayo inatajwa. Tangu uamuzi wa mwaka 2016 wa kuihamishia serikali huko, maelfu ya watumishi wamehama, na huenda kodi za nyumba katika baadhi ya mitaa ya maofisa zililegea. Lakini bandari haikuhama, wala Kariakoo, wala viwanda, wala vyuo. Anayeuza mitumba Ilala hakupewa uhamisho.

Linabaki suala la mpaka, ambalo naliona zito kuliko linavyozungumzwa. Mipango kabambe ya jiji ya mwaka 1949, 1968, 1979 na huu wa sasa wa 2016 hadi 2036 yote ilichora mji ulio ndani ya mstari wake wa kiutawala, wakati mji wenyewe umekwishatoka nje. Mkazi wa Mapinga au Vikindu anafanya kazi Dar es Salaam, anatibiwa Dar, ananunua Dar, na mamlaka ya maji, DAWASA, inahudumia pande zote mbili, lakini kibali cha ujenzi na upangaji wa mtaa wake viko mikononi mwa halmashauri ya wilaya iliyoundwa kusimamia vijiji, yenye wapimaji wachache, ambako sehemu kubwa ya ardhi bado iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya Mkuranga haina sababu kubwa ya kutumia fedha zake kuhifadhi njia ya basi ya wakazi wa kesho, na jiji halina mamlaka ya kuihifadhi. Matokeo yake ni kwamba kosa la Goba na Kinyerezi linarudiwa kilomita 20 mbele.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inampa Waziri uwezo wa kutangaza eneo la mipango, na hakuna kinacholazimisha maeneo ya namna hiyo yafuate mipaka ya kiutawala. Ukanda wa Mapinga, Kiluvya, Kisarawe na Vikindu ungeweza kupangwa kama kitu kimoja na jiji. Si lazima mpango uwe wa kifahari. Mistari ya barabara kuu kila kilomita moja, mabonde yasiyojengwa, maeneo ya shule, soko na makaburi, na viwanja vya ukubwa mbalimbali, vikiwemo vidogo kabisa vya mita za mraba 150 au 200 vinavyoweza kulipiwa kwa awamu, na vichache karibu na vituo vya usafiri vitengwe kwa nyumba za kupangisha. Mengine wakazi watayajenga wenyewe, kama walivyofanya Sinza. Gharama yake kwa sasa ni posho za wapimaji, bikoni, na fidia ya mihogo na mikorosho iliyo kwenye njia, ambayo wenye mashamba wanaweza hata kuikubali kwa kugawana viwanja vitakavyopatikana badala ya fedha. Kazi hii haina jiwe la msingi la kuzindua, na pengine ndiyo maana haipati msukumo. Kwa wakati huu, Chanika na Msongola, magari ya kampuni za viwanja yanapakia wateja kila Jumamosi kwenda kuonyeshwa mashamba ya ng'ambo ya mpaka, na njia za kufika kwenye mashamba hayo zinaamuliwa na muuzaji.